Mwizi kaingia ndani usiku na wewe una panga: haki ya kuua inaanzia wapi, inaishia wapi?

Mkazi wa Chanika (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye kundi la mtaa wetu mtu alituma picha ya kijana amelala kifudifudi kwenye mtaro, shati limepanda hadi shingoni, mikono imefungwa kwa nyuma kwa waya wa kuanikia nguo. Chini yake watu wakaanza: "safi sana", "mmoja kapungua", wengine wakaweka vile viganja vya kupiga makofi. Nilihesabu kumi na saba kabla mwenyekiti wa mtaa hajaagiza picha ifutwe. Baadhi yao ni watu tunaosali pamoja.

Kilichoninyima usingizi ni ule waya. Maiti haifungwi mikono. Kijana yule alifungwa akiwa hai, maana yake kulikuwa na muda ambao alishakamatwa, ametulia, hawezi kumdhuru mtu, na watu wakaendelea.

Nazungumza kwa sababu na mimi nimepitia. Machi 2017, masika, nilikuwa nimehamia miezi minne kwenye nyumba ambayo hata plasta haijapigwa, fensi ni michongoma tu. Umeme umekatika. Kwenye saa nane usiku mke wangu akanigusa bega, akanong'ona, "Baba Neema, dirishani." Nikasikiliza. Hakukuwa na kishindo. Ilikuwa sauti kama ya mtu anayesaga meno usingizini. Mnaoishi pembezoni mwa Dar mnaujua mchezo huu: wanaweka jeki ya gari katikati ya nondo mbili za dirisha, wanazungusha polepole, nondo zinaachana mpaka mtu mwembamba anapita. Mvua ikinyesha juu ya bati, husikii kitu.

Nikachukua panga chini ya kitanda. Sebuleni nikakuta mguu mmoja na bega vimeshaingia. Ameng'ata mdomoni ile simu ndogo ya tochi, mwanga unanipiga machoni, sura yake siioni. Nikapiga. Panga likampata chini ya kiwiko, akaangukia ndani badala ya nje, simu ikabingirika chini ya kochi ikawa inamulika ukuta.

Mkono wangu ulikuwa juu tena. Hapa naomba tukae kidogo, maana uzi wote uko hapa. Sikujua ana nini. Sikujua nje wako wangapi. Watoto watatu wamelala chumba cha pili na mlango wao ni pazia. Ningeshusha lile panga kichwani mwake wakati ule, naamini hakuna jaji angenilaumu, na mimi mwenyewe nisingejilaumu mpaka leo. Lakini akasema, "Mzee, nimekosa," kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, na kwa ule mwanga wa ukutani nikaviona viganja vyake viwili viko wazi. Nikamkanyaga mgongoni. Mke wangu akapiga yowe la mwizi.

Dakika tano hazikuisha, baraza imejaa. Aliyefungua komeo ni mimi. Walimvuta nje, na mimi sikumgusa tena, lakini pia sikuzuia. Nilisimama barazani na panga mkononi, natetemeka. Kuna jirani yangu mpole sana, hata kuku wa sikukuu anamwita mtu amchinjie. Nilimwona ana tofali. Mjumbe alipofika kazi imeisha. Difenda ya polisi ilifika alfajiri, saa kumi na moja.

Niliandikishwa maelezo. Swali la kwanza la mpelelezi: "Alikuwa ameshika nini?"

Msimamo wangu ni huu, na niko tayari kupingwa. Kuua mwizi kuna wakati ni haki kabisa, na mtu asiombe radhi kwa hilo. Ila wakati wenyewe ni mfupi mno, ni wa pumzi mbili tatu. Ukishapita, kinachofuata ni mauaji, hata kama mwizi ni yule yule na usiku haujaisha. Kule ndani nilipokuwa naogopa kwelikweli, sheria ilikuwa upande wangu na sikuua. Nje tulikuwa zaidi ya ishirini, hakuna aliyekuwa na hofu hata chembe, na huko ndiko alikofia.

Karibuni. Naomba matusi tuyaweke kando.

---

Kisiki Kikavu

Mkuu, pole kwa yaliyokupata, lakini unajitesa bure. Alikuja mwenyewe, na jeki yake, saa nane usiku. Hakuja kuomba chumvi. Siku za mwizi ni arobaini na yake ilifika kwako.

---

Mama Tumaini

Kaka yangu wa Chanika, nimekusoma mpaka mwisho na nimeheshimu ulivyoandika. Naomba na mimi nisikilizwe.

Sisi hawakuja na jeki. Walikuja na Fatuma. Kwa msiojua, ni lile jiwe kubwa wanalobeba watu wawili watatu, wanarusha mlangoni mara moja, fremu na komeo vinaanguka ndani pamoja. Hakuna muda wa kuamka. Usingizi unakatika na watu wameshafika kitandani. Mume wangu alinyanyua mikono akasema chukueni kila kitu. Wakachukua kila kitu, kisha mmoja akarudi kutoka mlangoni akampiga panga la kichwa. Hakuna aliyekuwa amemjibu vibaya. Alirudi tu.

Mume wangu yuko hai. Alikuwa fundi seremala, na fenicha za nusu ya mtaa wetu zimetoka mikononi mwake. Leo nikimpa kikombe cha chai, mkono wa kulia unatetemeka mpaka chai inaisha njiani. Analisahau jina la mtoto wetu wa mwisho.

Kwa hiyo mtu akiniambia "pima kwanza", namuuliza: nipime na nini? Giza? Laiti siku ile mume wangu angekuwa na panga na angekata kichwa cha wa kwanza aliyevuka kizingiti, mimi ningekuwa na mume. Nyote mnaoandika habari za viganja wazi, mwizi wenu alikuwa mwenye huruma kuliko wangu.

---

Mkazi wa Chanika

Dada Mama Tumaini, pole sana, wewe na shemeji. Naomba nieleweke: katika hilo unalolisema sina ubishi hata kidogo. Watu wamevunja mlango kwa Fatuma, wana mapanga, wako kitandani kwako. Wa kwanza kuvuka kizingiti akifa, amekufa kwa haki. Asingetakiwa mtu awaulize wamekuja kufanya nini. Swali langu ni la baada ya hapo tu, kwa yule aliyeshikwa.

---

Wakili wa Pembeni

Nichangie upande wa sheria, kwa sababu kwenye nyuzi za namna hii huwa naona watu wawili wanabishana na wote wamekosea: mmoja anasema "sheria inamlinda mwizi", mwingine anasema "kwangu ni kwangu, naua nitakavyo".

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inaanza habari ya kujihami kifungu cha 18 na kuendelea 18A, 18B na 18C. 18A inakupa haki ya kujilinda wewe, kumlinda mwingine, na kulinda mali. Ndiyo, hata mali imo. 18B inasema nguvu utakayotumia iwe ya kiasi kinachohitajika, na fungu lake dogo la tatu linasema ukisababisha kifo kwa nguvu iliyozidi, kosa lako ni kuua bila kukusudia. 18C ndiyo inayojibu swali la mwanzisha uzi. Inasema haki hiyo inaweza kufika hadi kuua pale unapotenda kwa nia njema, ukiamini kweli na kwa sababu za msingi kwamba kitendo chako ni cha lazima. Kisha inataja mazingira: shambulio linalokufanya uogope kifo au madhara makubwa, ubakaji, utekaji, halafu kuvunja nyumba usiku, unyang'anyi, na kuchoma moto.

Watu wakifika kwenye "kuvunja nyumba usiku" wanafunga kitabu, wanaona kibali wameshapewa. Rudi nyuma mstari mmoja, usome lile neno "lazima". Kijana aliyelala chini na mguu wako mgongoni mwake bado amevunja nyumba usiku, hilo halijafutika. Lakini ulazima umeisha. Sheria inatazama ule ulazima.

Dada Mama Tumaini, swali lako "nipime na nini" mahakama zimelijibu kwa upole kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1971, kwenye rufaa ya Palmer iliyotoka Jamaica na kusikilizwa London, majaji walisema kwamba mtu aliyevamiwa hawezi kutazamiwa apime kwa mizani kiasi kamili cha nguvu anachohitaji, na kwamba akitenda kile alichoona kwa dhati ni cha lazima wakati ule wa taharuki, huo ni ushahidi mkubwa upande wake. Maneno hayo mahakama zetu za Afrika Mashariki zimeyatumia mara nyingi. Na si kazi yako kuthibitisha kwamba ulikuwa unajihami. Hoja ikishakuwepo kwenye ushahidi, ni kazi ya upande wa mashtaka kuivunja, pasipo kuacha shaka.

Sasa upande mchungu. Shitaka la mauaji halina dhamana, na anayelisikiliza ni Mahakama Kuu, si mahakama ya wilaya. Kabla jaji hajasikia kwamba mlango wako ulivunjwa, unaweza kuwa umekaa mahabusu muda mrefu sana. Nimeona watu wenye haki kabisa wakitoka huko biashara imekufa na watoto wamehamia kwa bibi. Kwa hiyo anayekwambia "ua tu, sheria iko na wewe" hajawahi kupeleka chakula gerezani.

Na swali la mpelelezi, "alikuwa ameshika nini", utalisikia polisi, utalisikia kwa wakili wa serikali, na jaji atakuuliza tena. Majeraha yako wapi, mbele au mgongoni? Damu iko ndani ya nyumba au hatua thelathini nje ya geti? Picha ya mchoro wa eneo inaongea kuliko shahidi.

---

Mvuvi wa Kisauni

Ndugu zangu, mimi niko Mombasa, Kisauni, na vijana wa mapanga huku tunawajua vyema, wakitokea wanakata yeyote aliye njiani, awe na simu au hana.

Kwetu Kenya kitabu kimeandikwa kifupi zaidi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema jambo hili liamuliwe kwa misingi ya sheria ya kimila ya Waingereza. Basi ukitaka kujua hatima yako ukiua mwizi Kisauni, tazama nao Waingereza wenyewe walimfanyaje mkulima Tony Martin.

Huyo mzee alikuwa akikaa peke yake shambani, Norfolk, nyumba imezungukwa na miti, na alikuwa akilalamika kuwa ameshaibiwa mara kadhaa. Agosti 1999 wakaingia wawili usiku. Akafyatua bunduki gizani. Mmoja akajeruhiwa, na mwingine, kijana wa miaka 16 aitwaye Fred Barras, akafa. Risasi ilikuwa imempata mgongoni. Baraza la raia waliosikiliza kesi (jury) likamtia hatiani kwa mauaji mwaka 2000, akahukumiwa maisha. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikashusha ikawa kuua bila kukusudia, na sababu ilikuwa hali ya akili yake. Hoja ya kujihami haikukubaliwa. Akatoka 2003. Nchi nzima ilikuwa imegawanyika, wengine wakimwona shujaa. Baadaye, mwaka 2013, wakalegeza sheria yao: mwenye nyumba aliyevamiwa sasa huhukumiwa tu iwapo nguvu yake ilivuka mpaka kwa kiasi cha kupindukia.

Miye naona hata kwa sheria ile mpya, mgongo ni mgongo. Anayekimbia amekwisha kukuachia nyumba yako.

---

Kisiki Kikavu

Mnanukuu Waingereza wenye polisi wanaofika kwa dakika kumi. Mimi ni wa Kahama. Sungusungu ilianzia huko kwetu mwanzoni mwa miaka ya 80, na haikuanzia hewani. Ng'ombe wanaondoka usiku, polisi wako mbali, ukimpeleka mtuhumiwa kesho unamkuta mnadani anakucheka. Wazee wakasema basi. Mwano, yaani yowe la kuita watu, ulipopigwa kijiji kizima kinatoka na pinde, na wezi wakakoma. Serikali yenyewe ikaja ikaitambua.

Leo Dar hamna tofauti. Mmesahau Panya Road, lile genge la vijana? Mwaka 2015 watu wamejifungia ndani jioni jua halijazama, na 2022 wakarudi na mapanga nyumba kwa nyumba. Unampeleka kijana kituoni Jumatatu, unapewa namba ya jalada, Alhamisi yuko kijiweni anakuonyesha kidole. Nani atakuja kutoa ushahidi siku ya kesi? Mashahidi hawaji, kesi inafutwa. Mtu akiona hivyo mara tatu, ya nne hampeleki tena. Msiwalaumu wananchi peke yao.

---

Mkazi wa Chanika

Mkuu Kisiki, hapo umegusa panapouma na sitakupinga kwa haraka. Ni kweli. Hata wale majirani zangu, wawili walishaibiwa mwaka huo huo na hakuna aliyefungwa. Tofali la yule jirani mpole halikuwa la kijana yule peke yake. Lilikuwa la televisheni yake, la pikipiki ya mdogo wake, la siku zote alizokaa benchi kituoni akisubiri mpelelezi aliyetoka.

Lakini angalia deni linalipwa na nani. Kijana wangu hakuiba ile pikipiki, au labda aliiba, hakuna aliyemuuliza. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu huandika habari za mauaji ya namna hii kwenye ripoti zao kila mwaka, na kila mara kuna aliyefanana na mwizi, aliyekuwa mgeni mtaani, mgonjwa wa akili aliyeingia uwanja usio wake, mtu aliyedaiwa pesa na mdai wake akapiga yowe la "mwizi". Yowe halina rufaa. Na hata hao sungusungu mkuu, wewe ni mtu wa huko, unajua kwamba mwano uliopigwa kwa ajili ya wezi wa ng'ombe ulikuja kupigwa pia kwa ajili ya bibi vizee wenye macho mekundu waliodaiwa kuwa wachawi.

---

Kisiki Kikavu

Hilo la bibi vizee ni kweli. Nyanya yangu mdogo alihamishwa kijiji kwa sababu hiyo.

---

Mbongo Pretoria

Habari za huko nyumbani. Mimi niko Afrika Kusini mwaka wa kumi na tano sasa, na hapa kila mtu ana kuta ndefu, nyaya za umeme juu yake, na walinzi wenye bunduki wa kulipwa kwa mwezi. Hofu ya kuvamiwa ni ya kweli, naishi nayo.

Nataka nizungumzie kesi ya mwanariadha Oscar Pistorius, maana ilitokea mji huu huu na watu wengi wanaikumbuka kwa umaarufu wake tu. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013 alisikia kitu chooni, akachukua bastola, akapiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Yeye akasema alidhani ni mwizi. Mahakama Kuu mwaka 2014 ikaona ni kuua bila kukusudia, miaka mitano. Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ikabadilisha, ikasema ni mauaji, na mwaka 2017 kifungo kikaongezwa kufikia miaka 13 na miezi mitano. Ametoka kwa parole Januari 2024.

Wengi hawajui rufaa ilisimama juu ya nini. Majaji wa rufaa hawakusema ni lazima alijua kuwa ni Reeva. Walisema haijalishi nani alikuwa nyuma ya mlango. Hata angekuwa mwizi kweli. Unapiga risasi nne kwenye kichumba kidogo, mtu hajakushambulia, mlango umefungwa, unajua fika aliye ndani atakufa, na unapiga. Basi ni mauaji.

Baada ya kesi ile nilibadilisha utaratibu nyumbani kwangu. Nikisikia kitu usiku, kabla sijashika chochote nahesabu watu wangu kwa kuwaita majina kwa sauti. Mwaka jana kijana wangu wa kidato cha tatu alitoroka kwenda kwenye muziki, akarudi saa tisa kupitia dirisha la jikoni. Niliita majina. Akaitikia akiwa amekaa juu ya sinki.

---

Fundi Grili

Naomba kuuliza. Kuna wateja wananiomba niwaunganishie umeme kwenye madirisha, swichi wanawasha wakienda kulala. Hapo mtu hajapiga panga wala risasi. Mwizi akishika akafa, kosa ni la nani?

---

Wakili wa Pembeni

Ni lako na la mteja wako. Usifanye, tafadhali. Kule Iowa, Marekani, kuna wenye shamba walifunga bunduki kwenye nyumba waliyokuwa hawakai, waya kutoka kitasa cha mlango wa chumba hadi kwenye kifyatulio. Mwaka 1967 akaingia mtu kuiba chupa na mitungi ya zamani, ikamvunja mguu. Alikuwa mwizi na alikiri. Lakini akawashitaki, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya jimbo ikaunga mkono hukumu wamlipe dola 30,000. Sababu ni nyepesi kuielewa: haki ya kuua ni ya mtu aliyepo, anayeona na kuogopa. Waya hauogopi. Waya hautofautishi mwizi na mtoto wa jirani anayefuata mpira wake dirishani, wala na wewe mwenyewe uliyeamka usiku na kusahau swichi.

---

Ustadh wa Mtoni

Assalaam alaykum. Kwa Waislamu, jambo hili mafundisho yake yapo wazi. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira kwamba mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.): akija mtu kutaka mali yangu? Akaambiwa usimpe. Akinipiga vita? Pigana naye. Akiniua? Wewe umekufa shahidi. Nikimuua? Yeye ni wa motoni. Watu wetu hukariri hadithi hii, wakaishia hapo.

Lakini mashekhe wa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata pwani hii, wameipangia ngazi. Kama sauti inatosha kumrudisha, mkono ni haramu. Kama mkono unatosha, fimbo ni haramu. Kama kumkata kiungo kunatosha, kumuua ni haramu. Na akigeuza mgongo akakimbia, huna haki ya kumfuata umuue. Ngazi hazirukwi ila pale ambapo hakuna nafasi ya kuzipanda, kama alivyoeleza dada yetu wa Fatuma. Yeye Mwenyezi Mungu amjaalie mumewe shifaa.

---

Mwana wa Parokia

Amina. Na kwetu Wakristo, Kutoka 22 inakaribia kabisa hapo. Mwizi akikutwa anavunja akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Mstari unaofuata: jua likiwa limemchomozea, hatia ya damu ipo. Nilikuwa naona ajabu, jua linahusika nini? Nadhani ni hili hili mnalolizungumza. Usiku huoni mkono wake. Jua likichomoza unauona. Na wanaomaliza watu barazani wana tochi ishirini.

---

Mama Tumaini

Nimesoma yote. Sitasema nimebadilika, kwa sababu kila asubuhi namfungia mume wangu vifungo vya shati. Lakini hili la tochi ishirini limenikaa. Waliokuja kwangu hawakukamatwa. Nimewahi kuomba wakamatwe na watu kabla ya polisi. Niliomba hivyo nimepiga magoti.

Kaka wa Chanika, nikuulize. Yule kijana, watu wake walikuja?

---

Mkazi wa Chanika

Alikuja mama yake, siku ya nne. Nilikuwa nanyoosha zile nondo kwa nyundo, nikamwona amesimama kwenye michongoma na mwanamke mwingine aliyemsindikiza. Akapiga hodi kama mgeni yeyote. Alikuwa anauza maandazi mtaa wa pili tu, nafikiri hata watoto wangu walishawahi kununua kwake.

Nilidhani amekuja kulia au kulaani. Hakufanya hivyo. Aliomba aonyeshwe dirisha. Nikamwonyesha. Akaligusa, akapitisha mkono katikati ya zile nondo mbili, kisha akaniuliza, "Baba, alikuwa ameshika nini?"

Swali lile lile. Mpelelezi nilimjibu kuwa alikuwa na bisibisi, na ni kweli, ilikuwa kiunoni, tuliiona wakati anavutwa nje, ndivyo ilivyoandikwa kwenye maelezo yangu. Mama yake nilishindwa kumjibu vile.

Nikamwambia hakushika kitu, mama. Akauliza kama alisema neno. Nikamwambia alisema amekosa.

Akakaa pale pale kwenye kizingiti. Mke wangu akamletea maji, akayanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.